Mafunzo sawa, lakini mlinzi mmemwalika?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mwajiri alazimishwe kuwafundisha wafanyakazi kuzuia na kukabili vurugu kazini. Mimi ni muuguzi wa hospitali ya wilaya, na ninauliza jingine: anafundishwa nani?

Waliowahi kukaa zamu ya usiku wanaujua msafara wa bodaboda. Mwenzao akigongwa, kinakuja kijiwe kizima, honi tupu. Usiku ule tulikuwa wauguzi wawili na mama mhudumu. Daktari wa zamu yuko chumba cha upasuaji na mzazi. Majeruhi kaletwa amebanwa katikati ya wawili kwenye pikipiki, mguu unaning'inia. Mwenzangu, mgeni kazini, akaulizia PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Kwa hali ile fomu ingesubiri, lakini neno lilishamtoka. Mmoja akapiga meza kwa helmeti. Mwingine akamkunja kola ya gauni: "Mnataka afe?" Mlinzi, mzee wa kirungu na tochi, alikuwa anachungulia dirishani. Mimi nimebana jeraha kwa mikono yote miwili, siwezi kuachia.

Mama mhudumu akatua ndoo, akauliza kama mtu anayetafuta nyumba ya mjumbe: "Mwenyekiti wenu wa kijiwe nani?"

Kimya. Akajitokeza mmoja.

"Mwenyekiti, chagua wawili wabaki na mgonjwa. Wengine twendeni maabara mkachangie damu, atahitaji."

Nusu ya wale wanaume waliyeyuka kabla ya kufika maabara. Mpaka leo nikikumbuka nacheka.

Semina ilikuja baadaye. Tukafundishwa: sauti iwe chini, tazama mikono yake, simama upande wa mlangoni. Chumba chetu kina mlango mmoja, na hapo ndipo yanapoegeshwa machela! Yule mama hakualikwa, ati si kada husika. Mlinzi ni wa kampuni, naye hakualikwa. Nilitoka nikisema ile ni posho na maji ya chupa tu.

Ila haki isemwe. Yule mwenzangu aliyekunjwa, tangu semina ile, akisukumwa au akitukanwa anaandika kwenye kitabu cha matukio na kumpelekea metroni. Zamani wote tulisema ndiyo kazi yenyewe. Ni maandishi hayo yaliyotupatia mlinzi wa pili usiku. Na Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unazitaka nchi zilizouridhia ziwe na sheria za kumtaka mwajiri atambue hatari za vurugu na kuzidhibiti pamoja na kutoa mafunzo, tena unamhesabu kila anayefanya kazi pale, awe na ajira ya aina gani. Kwa hiyo hata mzee wa kirungu yumo.

Basi ndiyo, alazimishwe, japo nilianza kuandika nikiwa na nia ya kukataa. Lakini walinzi na wahudumu waanze, na machela yaondoke mlangoni kabla ya kukodi ukumbi. Ningekuwa na fedha za kitu kimoja tu, ningeajiri muuguzi wa tatu wa usiku, ila hilo hamkuuliza.