Katiba mpya ya jiji hupitaje kwa kura? Nilivyoona Portland

Mkuu, umeuliza kama huku Marekani katiba ya jiji, yaani sheria kuu inayopanga jinsi jiji linavyoendeshwa, hupitishwa na madiwani au na wananchi. Nakujibu kwa niliyoyaona Portland, Oregon, ninakoishi. Neno la mwisho ni la mpiga kura, ila mengi huwa yameshaamuliwa kabla karatasi haijamfikia.

Baraza la madiwani liliteua tume ya wakazi 20 ya kupitia upya katiba hiyo. Kwa utaratibu wa hapa, wajumbe 15 wakikubaliana, pendekezo linakwenda moja kwa moja kwa wananchi, na madiwani hawawezi kulichakachua. Waliunga mkono 17. Kipengele hicho mimi nakithamini kuliko vyote, kwa sababu mfumo uliokuwa ukiondolewa, wa tangu 1913, uliwapa madiwani wenyewe usimamizi wa idara: huyu maji, yule zimamoto. Nani angejivua madaraka hayo kwa hiari?

Vikao vya tume vilikuwa wazi, na maoni yalipokelewa. Huko ndiko zilikozaliwa kanda nne zenye madiwani watatu kila moja, mkurugenzi wa jiji wa kusimamia idara, na utaratibu wa mpiga kura kupanga wagombea kuanzia anayempenda zaidi.

Karatasi ya kura huku huja nyumbani kwa posta. Swali kisheria halizidi maneno 20, na muhtasari wake 175. Ndani ya swali hilo moja yalibebwa mageuzi yote. Jirani yangu alimtaka mkurugenzi lakini kupanga wagombea hakutaka kabisa. Akakaa na karatasi mezani siku kadhaa, maana ni ndiyo au hapana, hakuna nusu. Wapo waliokwenda mahakamani kupinga mambo kufungwa pamoja, jaji akawakatalia. Naona tume ilikuwa sahihi: ukiongeza madiwani hadi 12 halafu uwaachie idara, jiji litavurugika. Ila hilo lilistahili kuelezwa mtaani mapema na kwa lugha nyepesi.

Novemba 2022 ikapita kwa takriban asilimia 58. Haikuanza kesho yake: 2023 tume nyingine ilichora mipaka ya kanda, uchaguzi ukafanyika Novemba 2024, na baraza jipya likaanza kazi Januari 2025.

Kama jiji unaloishi ndiyo kwanza linaunda tume, anza kwa kuuliza: wajumbe wakishakubaliana, pendekezo linakwenda kwa wananchi moja kwa moja, au lazima lipite kwanza kwa madiwani?