Kupiga picha nyota ya mkia ukiwa huku Nyanda za Juu: yaliyonikuta mimi Mbeya na Mbozi

Kamwene mkuu. Umeuliza kwamba uko Iringa, una simu na unaweza kuazima kamera ya shemeji yako, sasa ikija nyota ya mkia nyingine ufanyeje upate picha inayoeleweka, maana ile ya 2024 ulitoka uani ukaona kitu kama moshi, ukapiga, ikatoka giza tupu. Naomba nijibu kwa kirefu kwa sababu hili jambo nalipenda kutoka moyoni na mwaka ule nimehangaika nalo alfajiri na jioni karibu wiki tatu nzima.

Kwanza jina. Umeandika kimondo. Huku kwetu neno hilo tunalo mdomoni kwa sababu ya lile jiwe la Mbozi, lile bonge la chuma linalokadiriwa tani 16 pale Ndolezi. Lakini kimondo ni kile kinachokatiza angani mara moja kikazimika, na kikibahatika kufika chini ndo kinakuwa jiwe kama lile. Nyota ya mkia haikatizi. Ni bonge la barafu na vumbi linalozunguka jua, likisogelea jua barafu inageuka mvuke moja kwa moja na kutimua vumbi, huo ndo mkia. Na iko mbali mno, ile ya 2024 hata siku iliyotukaribia zaidi, tarehe 12 Oktoba, ilikuwa kilomita milioni 70 na ushee kutoka hapa, kwa hiyo ukiitazama unaiona imetulia tuli na inakaa siku kadhaa. Nasema hivi kwa sababu inabadilisha kila kitu kwenye kupiga picha: una muda. Ukikosea leo unarudi kesho, na mimi kurudi kesho ndo kuliniokoa.

Sasa watu wengi wanaanza kuuliza kamera gani, lenzi gani. Mimi nakwambia anza na sehemu ya kusimama. Nyota ya mkia inawaka sana pale inapokuwa karibu na jua, na ikiwa karibu na jua maana yake utaiona chini chini tu, ama mashariki kabla hakujapambazuka ama magharibi jua likishazama. Sasa wewe fikiria huku kwetu kila upande mlima. Mbeya mjini kaskazini kuna Loleza, ukigeuka kuna Uporoto, unaweza kuwa na kamera ya mamilioni ukaishia kupiga picha mgongo wa mlima. Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi, upana wa ngumi yako ni kama digrii 10 angani. Ile ya 2024 alfajiri haikufika hata ngumi moja juu ya upeo kabla anga halijawa jeupe. Kwa hiyo nenda mchana, simama pale unapotaka kusimama usiku, weka ngumi yako kwenye upeo wa mashariki uone kama mlima au miti inaimeza. Ikimeza, hama.

Mimi sikufanya hivyo. Ile nyota (inaitwa Tsuchinshan–ATLAS, jina la kwanza ni la kituo cha wachunguzi wa anga cha China na la pili ni la mradi wa darubini, na ile darubini iliyoiona iko Afrika Kusini, wote waliiona mwanzoni mwa 2023) ilipita karibu kabisa na jua tarehe 27 Septemba 2024. Tarehe 28 na 29 nimeamka saa kumi usiku nyumbani, nimekaa kibarazani na blanketi nasubiri itokee nyuma ya kilima, inakuja kutokea anga limeshakuwa jeupe sioni kitu. Siku mbili zimeenda hivyo. Tarehe 30 nikamwomba mdogo wangu anipeleke na pikipiki barabara ya Chunya, kule juu ukishapita msitu pale watu wanaposimama kuangalia bonde la Usangu. Pale chini yako kuko wazi, hakuna kitu.

Aisee. Saa kumi na moja hivi alfajiri kuna mwezi mwembamba kama ukucha umeshapanda, halafu chini yake pale anga linapogusana na giza la bonde nikaona mstari mweupe umesimama, umelala kidogo, kama mtu amefuta ubao vibaya akaacha chaki. Kichwa hakuna. Nikadhani ni wingu. Kumbe alfajiri mkia ndo unatangulia kutoka, kwa sababu mkia siku zote unaelekea upande usio wa jua, na jua liko bado chini, kwa hiyo mkia uko juu na kichwa kinafuata. Kama robo saa baadae kichwa nacho kikachomoza, kidogo, cha njano, kikali. Mdogo wangu ambaye alikuja kwa kunionea huruma tu akanyamaza kabisa. Akapita mzee mmoja na baiskeli ya mkaa, tukamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba wanangu, mnapima barabara? Nikamwonyesha. Aliegemeza baiskeli akasimama nasi mpaka kulipokucha.

Nikapiga picha 140 asubuhi ile. Nimefika nyumbani naweka kwenye laptopu, zote, mia na arobaini, nyota zimevimba kama punje za mahindi ya kuchemsha. Hakuna hata moja iliyo kali. Nililala mchana ule nikiwa na uchungu sana, siwezi kuficha.

Kosa lilikuwa fokasi, na hapa naomba usome taratibu maana hapa ndo picha nyingi zinapofia. Kamera ikiwa kwenye fokasi ya yenyewe, gizani inatafuta, haipati, inasimama popote. Mimi niliweka fokasi vizuri mwanzoni ila kile kitufe cha AF/MF pembeni ya lenzi (AF kamera inajitafutia fokasi, MF unaweka mwenyewe kwa mkono) nilikiacha kwenye AF, kwa hiyo kila nilipobonyeza shata lenzi inajizungusha upya. Kesho yake nikafanya hivi: kitufe MF. Nikawasha kioo cha nyuma, nikaielekeza kamera kwenye nyota inayowaka kuliko zote (siyo nyota ya mkia, nyota ya kawaida), nikakuza kile kioo mpaka mwisho, nikazungusha pete ya lenzi polepole sana. Nyota inaanza kama sahani, inakuwa sarafu, inakuwa ncha ya sindano, ukizidisha inavimba tena. Rudi kwenye sindano. Halafu nikabandika selotepu kwenye pete isisogee. Na ile alama ya mbali kabisa (∞) iliyoandikwa kwenye lenzi usiiamini, kwenye lenzi yangu sindano iko kabla ya ile alama, na kuna lenzi nyingi za bei rahisi hazina hata hiyo alama.

Tarehe 1 Oktoba nikarudi palepale na zikatoka. Nilitumia lenzi ya milimita 50, uwazi wa lenzi f/2.2 (namba ikiwa ndogo lenzi imefunguka zaidi, yangu inafunguka mpaka 1.8 ila nikibana kidogo nyota za pembeni zinatulia), ISO 1600 (kiasi kamera inavyohisi mwanga), shata wazi sekunde 4. Kwa nini 4? Dunia inazunguka, ukiacha shata wazi muda mrefu nyota zinakuwa vijiti. Kuna hesabu ya haraka wapigapicha wanatumia, chukua 500 ugawe kwa milimita za lenzi, ila kamera hizi tunazomudu wengi wetu kitambuzi chake, yaani kile cha ndani kinachopokea mwanga, ni kidogo kwa hiyo zidisha kwanza milimita kwa 1.5 au 1.6. Lenzi ya 50 inakuwa kama 80, 500 gawa kwa 80 unapata sekunde 6, mimi nashusha mpaka 4 niwe salama. Ile lenzi ya kawaida inayokuja na kamera ukiiweka kwenye 18 unaweza kwenda sekunde 10 hata 13 bila shida. Picha nzuri nilizipata kati ya saa 11:25 na 11:45 hivi, baada ya hapo anga linapanda weupe kila dakika na lazima uwe unashusha ISO, 1600, 800, 400, usiposhusha mkia unamezwa na weupe.

Mengine madogo ila yanauma: piga RAW (picha ghafi ambayo kamera haijaichakata) kama kamera inayo, weka taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise, zima kile kizuia mtikisiko cha lenzi ikiwa kwenye stendi, na stendi kama ni nyepesi ning'iniza mfuko wenye jiwe katikati maana upepo wa kule juu hauna adabu. Betri weka mfukoni karibu na mwili, kwenye baridi zinaisha haraka, nilikuwa na mbili nikabadilisha mara tatu, ile ya kwanza ikishapata joto la mwili inaamka tena kidogo. Na Septemba mpaka Oktoba watu wanachoma mashamba, moshi unakaa bondeni asubuhi na chochote kilicho chini kinafifia na kuwa chekundu, ndo maana kupanda juu kunasaidia sana.

Baada ya tarehe 12 ikahamia jioni. Nikaenda kwa dada yangu Mbozi, kwenye kahawa, kule magharibi kuko wazi zaidi. Tarehe 14 jua lilizama saa 12:43 hivi, nikasubiri. Zuhura ikajitokeza ya kwanza kushoto, inawaka kama taa, na kulia chini kuna nyota ya rangi ya chungwa inaitwa Arcturus. Nyota ya mkia ikawa katikati yao, na sasa mkia umesimama kwenda juu, kichwa ndo kinatangulia kuzama. Siku zile kulikuwa na mwezi mkubwa nyuma yangu, watu mtandaoni walikuwa wanaulalamikia, na kweli unapunguza mkia, ila mimi ulinipa zawadi: kwenye picha miti ya kahawa na paa la bati la dada vinaonekana vizuri kabisa bila tochi yoyote. Nilipokuza picha nyumbani nikakuta na kijiti chembamba cha mwanga kinatoka kichwani kwenda chini, upande wa jua, kama mkia wa pili uliokosea njia. Siku zile dunia ilikuwa inakatiza usawa wa njia ya ile nyota, kwa hiyo lile vumbi lililotapakaa kwenye njia yake tulikuwa tunalitazama kwa ubavu likawa kama uzi. Kwa macho sikukiona, kamera ndo ilikiona.

Mpwa wangu wa miaka tisa akaniuliza mjomba, na hicho nacho kitadondoka Ndolezi? Nikampa tu kamera abonyeze mwenyewe. Picha aliyobonyeza yeye ndo nzuri kuliko zangu zote, sitanii.

Simu je? Inawezekana kabisa kama nyota yenyewe inawaka. Tafuta ile sehemu ya kuseti mwenyewe kwenye kamera ya simu, weka sekunde 8 mpaka 10, ISO 800, fokasi isukume mpaka kwenye alama ya mlima, taima sekunde 3. Kama simu haina hiyo tumia hali ya usiku, ila lazima simu itulie, iegemeze kwenye tofali au mfuko wa mchanga, nyingi zikihisi zimetulia zinaongeza sekunde zenyewe. Usivute zumu, utaongeza chenga (vile vidoa doa vya gizani) tu, bora upige pana uje kukata baadae. Flashi zima. Na iwe simu iwe kamera, piga picha 20 au 30 zinazofanana bila kugusa kitu, kuna programu za bure kama Sequator na Siril zinazipanga juu kwa juu na zile chenga zinapungua sana. Kujua itakuwa upande gani saa ngapi tumia Stellarium, programu ya ramani ya anga, nayo bure, andika mji wako.

Kwa Iringa, jioni watu watakwambia panda lile jabali la Gangilonga. Mandhari nzuri lakini taa zote za mji ziko chini yako. Mimi ningetoka na barabara ya Ruaha, nikishapita Kalenga nitafute uwazi wa magharibi. Ukienda sehemu ya watu usiku, mchana wake pita kwa mwenyekiti wa kijiji umweleze, usiende peke yako, mtu mwenye stendi ya miguu mitatu saa kumi usiku anatia watu wasiwasi na wana haki.

Na usisubiri siku ya kilele. Januari 2007 nilikuwa kidato cha pili, ile ya McNaught bibi ndo alituita uani tuione baada ya mvua, mkia umejipinda kama unyoya wa jogoo, sikuwa na kamera na mpaka leo inaniuma. Januari 2025 ikaja nyingine, G3 ATLAS, kamera ninayo, mvua ya Mbeya haikuniachia jioni hata moja. Na ile S1 ATLAS iliyokuwa inasubiriwa mwisho wa Oktoba 2024 ilivunjika ikaishia kwenye jua tarehe 28, haikutoka upande wa pili. Anga likifunguka usiku wowote, toka.

Weka hapa aina ya kamera ya shemeji yako na namba zilizoandikwa mbele ya lenzi, nitakwambia uanze na sekunde ngapi na kile kitufe cha AF/MF kiko upande gani.