Kuzunguka Ulaya kwa Hela za Madafu

Makala nyingi za kusafiri Ulaya kwa bei rahisi zimeandikwa na watu ambao hawajawahi kupanga foleni ubalozini. Mwandishi anakwambia nunua tiketi ya bei ya kutupwa leo, kesho uko Lisbon. Sisi wenye pasipoti ya Tanzania hesabu yetu inaanzia mbali zaidi, na ukikosea mwanzo huo, senti utakazobana kwenye mkate na malazi hazitakuokoa.

Kwa hiyo tuanze na viza. Ya Schengen, yaani viza moja inayokufungulia kundi la nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi hata ukinyimwa. Juu yake weka ada ya wakala anayepokea maombi na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usingoje hizo siku 15, maana nafasi za miadi hugombaniwa sana kuelekea kiangazi cha kule. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba kwa nchi utakayoingilia. Si kila nchi inashughulikia viza Dar es Salaam. Maombi ya nyingine hupokelewa na ubalozi wa nchi nyingine ya Ulaya kwa niaba yake, nyingine zinakutuma Nairobi, na nauli ya Nairobi nayo ni bajeti. Lijue hilo kabla hujachora ramani ya safari.

Usilipie ndege wala hoteli kabla viza haijatoka. Ubalozi unataka kuona mpango unaoeleweka, haudai uwe umeshatoa hela. Shika nafasi za hoteli zinazofutika bure, chapa karatasi zake, peleka. Na taarifa ya benki iwe na maisha ya kawaida ndani yake: mshahara unaingia, kodi ya nyumba inatoka, ada ya shule inatoka. Milioni 5 zilizodondoshwa na shemeji wiki moja kabla ya maombi, afisa anaziona hata hajafungua ukurasa wa pili.

Ukirudishiwa pasipoti, soma ile stika kabla hujaondoka pale. Kuna tarehe za viza kuwa hai, na kuna idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Unaweza kupewa viza inayoanza tarehe 1 hadi 30 ya mwezi, lakini siku zako ni 15 tu. Wapo wanaohesabu tarehe na kusahau siku, na zamani mtu aliweza kujitetea kwamba mhuri haukusomeka. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kutumia mfumo wa kompyuta wenye picha na alama za vidole, kwa hiyo hesabu inafanywa na mashine.

Angalia pia umeruhusiwa kuingia mara ngapi. Ikiandikwa 1, ukitoka umetoka. Uingereza, Ireland, Serbia, Bosnia na Albania hazimo Schengen. Ukiwa Budapest, Hungary, utaona basi la bei poa la kwenda Belgrade, Serbia, mahali pazuri kweli, lakini kwa viza ya kuingia mara moja hilo basi limekumalizia safari. Kwa upande mwingine, Croatia iliingia Schengen Januari 2023, na Romania na Bulgaria zimekamilika Januari 2025. Hizo mbili za mwisho ni miongoni mwa nchi rahisi kuliko zote kwa mgeni, na sasa viza yako ileile inakufikisha.

Hapo tumefika kwenye jambo ambalo ningemwambia kila anayeniuliza: hela kidogo inakwenda mbali zaidi mashariki. Poland, Jamhuri ya Czech, Slovakia, Hungary, Romania, Bulgaria. Kraków, Budapest, Cluj, Sofia. Wengi wetu tunaposema Ulaya tunamaanisha Paris, London na Amsterdam, halafu tunashangaa hela imekwisha siku ya nne. Kama roho yako haitatulia bila kuuona mnara wa Eiffel, sawa, upangie siku mbili mwishoni, ukate tiketi ya ndege ya kutokea huko. Tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine mara nyingi haina tofauti kubwa na ya kwenda na kurudi, na inakuepusha kurudia njia. Kuna ujanja mwingine mdogo: Vienna, Austria, ni ghali, lakini Bratislava ya Slovakia iko kama saa moja tu kwa treni. Lala Bratislava, asubuhi nenda Vienna na mkate wako kwenye begi, jioni rudi.

Kati ya mji na mji, basi. FlixBus wako karibu kila mahali na nauli hupanda kadiri siku inavyokaribia, kwa hiyo kata mapema. Basi la usiku linakuokolea gharama ya kitanda, ila lisifuatane usiku baada ya usiku. Ukifika mji mzuri ukiwa na macho mekundu utalala kwenye benchi la bustani na hutaona kitu.

Hati zako zikae mwilini, zisiwe kwenye begi lililoko tumboni mwa basi. Nikitoka Prague kwenda Berlin, usiku wa manane basi likaingizwa pembeni, taa zikawashwa, polisi wawili wakapanda. Waliokuwa na vitambulisho vya Ulaya walivinyanyua tu. Pasipoti yangu ilifunguliwa ukurasa kwa ukurasa, nikaulizwa nalala wapi na narudi lini. Nilikuwa na bahasha ya plastiki yenye karatasi ya hosteli, bima na tiketi ya kurudi, nikampa yote kwa pamoja. Akapitisha macho, akarudisha, akasema usiku mwema. Ujerumani imekuwa ikikagua mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, kwa hiyo usione ajabu wala usipaniki. Simu inaweza kuzima chaji, karatasi haizimi.

Ndege za bei rahisi, Ryanair na Wizz Air, zina masharti yake. Bei unayoiona ni ya wewe na kibegi kinachoingia chini ya kiti. Ukizidisha ukubwa, faini ya getini inaweza kuipita nauli. Kama huna pasipoti ya Umoja wa Ulaya, Ryanair wanataka upite kwanza kwenye dawati la kukagua hati kabla ya ukaguzi wa usalama, hata kama ulishajisajili mtandaoni. Na soma jina la uwanja vizuri: “Paris Beauvais” iko kama kilomita 80 kutoka Paris, na nauli ya basi la kuingia mjini nayo unailipa wewe.

Ukipanga kukaa Ujerumani zaidi ya wiki, tafuta Deutschlandticket. Ni tiketi ya mwezi inayokupandisha treni za mikoa, tramu na mabasi ya mjini nchi nzima, isipokuwa treni za kasi na za masafa marefu. Ilianza kwa euro 49 mwaka 2023, ikawa 58 mwaka 2025, na tangu Januari 2026 ni 63. Inajihuisha yenyewe kila mwezi, kwa hiyo ifute kabla ya tarehe 10, ama utaendelea kukatwa ukiwa Mbagala. Luxembourg ni rahisi zaidi: tangu 2020 basi, tramu na treni za daraja la pili ni bure kwa kila mtu, hata mgeni.

Malazi sina mengi. Hosteli, chumba cha watu wengi, vitanda vya dabo deka. Aliyesoma bweni hatashangaa chochote. Beba kufuli lako na taulo, maana vyote viwili hukodishwa. Chagua yenye jiko. Kama una ndugu kule, mshukuru Mungu, lakini ujue anaamka saa kumi usiku kwenda shifti na sebule unayolala ndimo anamopita. Nunua chakula cha nyumba, osha vyombo. Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe hawakuwaacha nje walioko Hamburg.

Chakula ndipo nilipofurahi zaidi. Poland kuna kitu kinaitwa bar mleczny, tafsiri yake baa ya maziwa, lakini usiende ukitafuta baa. Ni mama ntilie wa Kipoland. Unaingia, kuna ubao ukutani wenye orodha ya Kipoland mtupu, unalipa kwa mama wa kaunta, anakupa risiti, unaipeleka kwenye dirisha la jikoni. Supu ya bitiruti, pierogi za moto ambazo ni kama visambusa vya kuchemshwa, glasi ya kompot ambayo ni matunda yaliyochemshwa. Wazee wa mtaa na wanafunzi wanakula meza moja kimya kimya, na ukimaliza unarudisha sahani mwenyewe kwenye dirisha lingine. Kwa asiyekula nguruwe: agiza pierogi ruskie, zina kiazi na jibini, lakini sema “bez skwarek”, kwa sababu bila hivyo wanaweza kukunyunyizia juu vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Hispania tafuta menú del día mchana, mlo kamili kwa bei moja. Italia kahawa inywe umesimama kaunta; ukikaa, bei inakaa na wewe.

Ujerumani karibu kila Jumapili, na Poland Jumapili nyingi, supamaketi zimefungwa. Jumamosi jioni nunua mkate, mayai na ndizi, maana Jumapili kilichobaki wazi ni maduka ya stesheni na vituo vya mafuta, bei juu.

Kuhusu kuangalia vitu: makumbusho makubwa mengi yana saa za bure. Prado ya Madrid ni bure saa mbili za mwisho kila siku, makumbusho ya serikali Italia ni bure Jumapili ya kwanza ya mwezi, na kuba la Bunge la Ujerumani ni bure ukijiandikisha mapema.

Mwisho ni ATM na mashine za kulipia kadi. Czech, Poland na Hungary hazitumii euro. Mashine itakuuliza kwa adabu kama ungependa ikukate kwa shilingi au kwa sarafu ya pale, na itaweka shilingi kwa maandishi makubwa ya kijani. Kiwango cha kubadilisha hapo ni chao, na si kizuri. Chagua koruna, zloty au forinti, na ikikuuliza tena kama una uhakika, bonyeza ndiyo.