Uliza Mama Safari: Tisa Wanakwenda Natron kwa Miguu

SWALI: Shikamoo Mama Safari. Sisi ni walimu wa sekondari hapa Mafinga na tuna kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mwaka huu tumekubaliana faida tusigawane yote, sehemu yake tuitumie kutalii kaskazini. Wakala mmoja ametupangia safari ya kutembea kwa miguu kutoka Nainokanoka, kule Ngorongoro, hadi Ziwa Natron, tukilala kwenye mahema. Tupo tisa. Mkubwa wetu ana miaka 57 na ana kisukari. Baadhi ya wenzangu wanasema tumwache kwa sababu atatuchelewesha. Tena wengi wetu hatujawahi kulala kwenye hema. Tujiandaeje, na mwenzetu twende naye au tumwache?
Mwalimu, Mafinga

JIBU: Marahaba, mwalimu, na kamwene kwenu nyote.

Nianze na mwenzenu. Kama daktari wake atamruhusu, nendeni naye. Njia hiyo nimeipita miaka mingi nikiwa mpishi wa kambi, na wenye kisukari nimewaona wakishuka Natron wakiwa wazima kabisa. Hilo la kuwachelewesha lisiwasumbue. Safari ya kikundi hufuata mwendo wa aliye nyuma, na kiongozi anayejua kazi yake humweka huyo mbele, mara tu baada ya askari wa hifadhi, ili wengine wote wafuate hatua zake. Mpishi huwa anatangulia na punda, kwa hiyo nimekaa kambini mara nyingi nikiangalia watu wanavyoingia. Kikundi kikiingia pamoja, jioni yake watu wanakula na kucheka. Wakiingia mmoja mmoja, wa kwanza saa tisa na wa mwisho giza limeshaingia, jua kuna mtu ameumia na hakusema.

Kwa hiyo huyo mwalimu afanye hivi. Aende kwa daktari wake mapema amwambie atatembea mchana kutwa, siku kadhaa mfululizo, maana kutembea sana hushusha sukari na pengine dozi itabadilishwa. Dawa, kipimo na glukosi avibebe mwenyewe mgongoni. Asiviweke kabisa kwenye mzigo wa punda, kwa sababu punda wana mwendo wao na wakati mwingine wana njia yao. Kama anatumia insulini, aikinge na jua la Natron, na usiku wa baridi kule juu alale nayo ndani ya blanketi, maana ikiganda imeharibika. Wawili kati yenu wajifunze dalili za sukari kushuka: jasho jingi, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika. Mkiona hivyo apewe kitu chenye sukari hapohapo, msisubiri kambi. Na miguu yake ikaguliwe kila jioni, kwa sababu mwenye kisukari anaweza kuchubuka asisikie maumivu.

Haya yote kiongozi ayajue kabla hamjalipa. Na hapo ndipo mtakapompima wakala wenu. Mwambieni, "Tuna mtu mwenye kisukari," kisha msikilize. Akijibu tu "hakuna shida, karibuni," tafuteni mwingine. Anayefaa atauliza anatumia dawa gani, anakula saa ngapi, na nani analala naye hema moja. Atawaeleza gari litawafikia wapi mtu akishindwa kuendelea. Leseni ya wakala wa utalii, ile watu wanayoiita TALA, ombeni muione kwa macho yenu. Muulizeni pia kama gharama za askari wa hifadhi na za punda zimo kwenye bei, kwa sababu ndani ya Ngorongoro hamtembei porini bila askari mwenye bunduki. Na kwa kuwa ninyi ni raia, viingilio vyenu ni vya shilingi na ni nafuu mno kuliko vya wageni. Hakikisheni hesabu mliyopewa ni hiyo.

Sasa njia yenyewe. Kutoka Mafinga mtapita Iringa, Mtera, Dodoma, Kondoa na Babati. Hamna haja ya kufika Arusha mjini: shukeni Makuyuni, gari la wakala liwachukue hapo, mpite Mto wa Mbu na Karatu mpaka lango la hifadhi. Ombeni mlale usiku mmoja Karatu au kule juu kabla ya kuanza kutembea. Safari ya basi inachosha kuliko watu wanavyodhani.

Mtaanza na kreta ya Olmoti, yaani shimo la volkano ya zamani, mtapita nyanda za malisho zenye maboma ya Wamaasai, mtafika Empakaai. Ukingo wa Empakaai uko juu kupita Kitulo kwenu, na chini yake kuna ziwa ndani ya kreta, heroe, yaani flamingo, wamelipamba ukingoni kwa rangi ya waridi. Kushuka mpaka ziwani ni msitu mtupu, na mna nyati humo. Pale askari anatangulia, wote mko nyuma yake, na akinyanyua mkono mnasimama bila kuuliza. Kutoka hapo njia inateremka, inapita Nayobi, inashuka Bonde la Ufa mpaka Ngare Sero, kando ya Natron, ambako ni karibu mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Fikirini mtu anayelala Makete katikati ya Julai halafu anatembea kwa miguu mpaka Kyela. Ndiyo safari yenu hiyo.

Ndiyo maana mzigo unawashinda wengi: wanajaza nguo za baridi wanasahau joto, au kinyume chake. Kule juu usiku wa Juni na Julai mnaweza kuamka hema limeganda umande kwa nje. Ninyi watu wa Mafinga sweta mnazo. Sweta la sufu ni zuri kwa sababu likilowa bado linatia joto. Jinzi ziacheni nyumbani, zikilowa hazikauki na zinakupoza mwili. Jaketi la mvua mtalipata mitumbani; mkifika Mbeya, piteni Mwanjelwa. Kila mtu awe na suruali na fulana kavu ambazo hazivaliwi mchana hata kidogo, ni za kulalia tu. Kwa ajili ya kule chini chukueni kofia pana, mikono mirefu myepesi, na chombo cha maji cha lita tatu kwa kila mtu. Mkifika Natron mwendo ni wa alfajiri. Saa tano asubuhi mko kivulini.

Viatu ndivyo nitakavyovisemea zaidi. Viatu vya safari vinunuliwe sasa, mitumba yenye soli nzima inafaa, na vivaliwe mpaka vizoee mguu. Hapo Mafinga mmezungukwa na msitu wa Sao Hill, basi kila Jumamosi tembeeni humo na mabegi mgongoni, na kila wiki mwongeze umbali. Mkiweza, siku moja mje Mbeya mpande Loleza, mpande na kushuka siku hiyohiyo, kwa sababu magoti hulia wakati wa kushuka.

Nawapa mfano wa kijana mmoja, mfanyakazi wa benki, mzima na mwenye mbio. Siku ya kwanza kisigino kilianza kumuwaka, akaona haya kusimamisha watu. Jioni nilipoweka mabeseni ya maji ya moto nje ya mahema, wenzake wakavua viatu, yeye akaingia hemani. Asubuhi soksi haikutoka. Ilibidi tuilowanishe kwa maji ya uvuguvugu ikiwa mguuni, na ilipobanduka ilitoka na ngozi ya kisigino, nyekundu tupu, upana wa kikombe cha kahawa. Safari ya wote ikageuka, maana kiongozi alilazimika kumrudisha mpaka penye gari. Kuwaka kwa kisigino ni jambo la dakika tano: simama, vua, kausha, bandika plasta pana, badili soksi. Kiongozi akisikia mapema hakasiriki. Anakasirika akiambiwa jioni.

Kulala kwenye hema mtazoea usiku wa kwanza. Zipu ifungwe muda wote. Chakula, hata biskuti, kisiingie hemani, kipelekwe jikoni kwa mpishi, kwa sababu harufu huita fisi. Ukibanwa usiku, mwamshe mwenzako, washeni tochi ya kichwani, mzunguke na mwanga taratibu mkiangalia macho yanayong'aa, ndipo mtoke. Mkiyaona macho, rudini ndani mumwite askari. Hilo nalo wengi wanaona haya kulifanya.

SWALI: Mama, shikamoo. Ninakwenda safari kama hizo na kikundi cha kanisani, wengi ni wanaume. Tarehe zangu zinaangukia humohumo. Naogopa hata kumuuliza kiongozi kuhusu choo.
Binti wa Uyole

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza jambo ambalo wanawake wengi wamenong'ona nami jikoni kambini.

Kwenye kambi huwa kuna choo, cha shimo au kihema kidogo kilichosimamishwa juu ya shimo. Shida ni njiani. Hapo unamwambia kiongozi, au mwanamke mwenzako amwambie, "Naomba nichimbe dawa." Atasimamisha kikundi, atawapeleka wanaume mbele, askari atakagua kichaka kwanza, kisha wewe na mwenzako mtaingia. Wameshafanya hivyo mara nyingi, hakuna atakayekushangaa. Ukihitaji shimo, lichimbwe kina cha kiganja na zaidi kidogo, mbali na maji, hatua 70 au zaidi, na lifukiwe.

Pedi usizifukie, wanyama huzifukua. Chukua mifuko ya zipu, funga ndani ya karatasi, weka kwenye mfuko, weka kwenye mwingine mweusi, na urudi nayo mjini. Chukua za kutosha na akiba juu, kwa sababu mwendo na mwinuko vinaweza kubadili tarehe. Dawa ya maumivu unayoitumia nyumbani ndiyo uende nayo, usijaribu mpya porini. Na ombeni mpishi awape maji ya uvuguvugu kila jioni. Mpishi mwema hakatai. Mimi nilikuwa naweka birika moja pembeni kwa ajili ya wanawake na sikuhitaji kuambiwa.

SWALI: Mama Safari, tulilipia kupanda Ol Doinyo Lengai. Saa sita usiku tukiwa tayari kabisa, kiongozi akasema hatupandi, kuna upepo na mwenzetu mmoja ametapika mara mbili. Fedha zetu zimekwenda bure. Je, si kutudhulumu?
Mfanyabiashara, Njombe

JIBU: Hapana, baba. Alifanya kazi yake.

Mlima ule una urefu wa karibu mita 2,960, unalingana na Mtorwi wenu wa kule Kitulo, lakini Mtorwi ni nyasi na Lengai ni majivu na mawe yaliyolegea kwenye mteremko mkali mno. Hauna maji na hauna kivuli. Watu hupanda usiku ili jua lisiwakute ubavuni. Upepo ukivuma, aliye juu anaporomosha mawe juu ya aliye chini, gizani. Mtu anayetapika ameshapoteza maji kabla hajaanza, na hakuna machela itakayomshusha kirahisi. Tena volkano hiyo ni hai, ililipuka kwa kishindo mwaka 2007 na majivu yakaendelea hadi 2008. Wamaasai huuita Mlima wa Mungu, nao hawaupandi kwa pupa.

Kuhusu fedha, someni mkataba. Mara nyingi kiingilio hakirudi, ila sehemu ya kiongozi wa mlima inajadilika. Ombeni kwa maandishi, kwa upole.

SWALI: Kwa nini watu wa Nyanda za Juu tukimbilie kaskazini wakati Kitulo ipo? Hema linalala popote.
Msomaji, Makambako

JIBU: Nakuunga mkono kwa moyo wote, ila sitawazuia walimu wa Mafinga. Ziwa Natron ndiko heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanakozaliana kwa wingi, na volkano kama Lengai, inayotoa lava nyeusi na nyepesi kama matope, haiko kwingine duniani leo. Mtanzania ana haki ya kuviona.

Lakini anayetaka kujifunza kulala porini, aanzie nyumbani. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, watu wanaiita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake, na okidi za pale zinachanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Kaskazini watu huenda Juni hadi Oktoba, kwa hiyo misimu hiyo miwili haigombani. Kwenye misitu ya pembeni, Livingstone na Rungwe, yuko kipunji, nyani ambaye wanasayansi hawakumjua mpaka 2003, ingawa wawindaji wa huko walikuwa wakimsimulia siku zote. Kule hakuna simba wa kuwanyima usingizi. Baridi ndiyo mnyama mkali wa Kitulo. Mtu akianza kutetemeka, kisha akajikwaa ovyo na maneno yakawa mazito, mvueni nguo mbichi, mvalisheni kavu, mwingizeni hemani katikati ya watu wawili na mumpe chai yenye sukari.

Ukitokea Chimala utapanda kona za Hamsini na Saba hadi Matamba, ripoti ofisi ya hifadhi na uombe askari wa kuwaongoza. Maji ya vijito ni safi kwa macho, lakini yachemsheni, na kwa mwinuko ule yatokote dakika tatu. Mvua ya pale hupenda kuja mchana. Hema liwe limesimama kabla ya saa nane.