Ndala za mama, mchanga na saa tisa ya usiku

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi ya sauti za filamu nililetewa sini ya mama anatoka jikoni kwenda uani, imepigwa Manzese. Picha safi, ila kwenye sauti ya kamera zilijaa bodaboda tupu. Nikavaa viatu vyangu, nikatembea chumbani, nikarekodi. Mwongozaji alisikiliza mara moja tu: "Huyu si mama, huyu ni askari."

Alisema kweli. Nikaazima ndala za mama yangu, zilizolika kisigino, nikamwaga kiganja cha mchanga kwenye sakafu ya saruji na kunyunyiza maji kidogo. Hapo mama akasikika: mchanga unakwaruza, kisha ndala inarudi kupiga unyayo, pwata. Mama aliyeshinda kutwa jikoni hanyanyui mguu, anauburuta. Itazame sini mara kumi, ujue uzito umelalia mguu gani, ndipo uwashe mashine.

Kazi hii inaitwa foley, kwa jina la Jack Foley, Mmarekani aliyeianza huko Universal, studio ya filamu ya Marekani, filamu zilipoanza kutoa sauti, mwishoni mwa miaka ya 1920. Yeye alitembea mbele ya maiki huku akiitazama filamu. Mimi natazama laptop, mengine ni yale yale.

Utakachojifunza mapema ni kwamba kitu chenyewe mara nyingi hakisikiki kama chenyewe. Mvua ya kweli kwenye maiki ni mvumo tu, utadhani feni. Dondosha mchele taratibu juu ya sinia la bati, matone utayapata. Mfupa ni muhogo mbichi uliofungwa kitambaa kibichi, uuvunje kwa mkupuo mmoja. Moto ni karatasi ya biskuti, ifinye polepole. Kwato za farasi ni vifuu viwili vya nazi, na hivyo huku kwetu vinatupwa. Lakini kukuna nazi usiige. Lete mbuzi, kaa, ukune. Masikio ya watu wa Pwani yanalijua lile jino la mbuzi tangu utotoni, na hayadanganyiki.

Kinachotusumbua Dar ni kelele. Mchana sahau, kunguru peke yao wanatosha kukuharibia siku. Mimi narekodi kuanzia saa nane usiku, nikimaliza kabla ya adhana ya alfajiri. Zima feni, chomoa friji, egemeza godoro mlangoni, tundika mablanketi ukutani. Utatoka jasho, vumilia. Maiki ikae kama mita moja kutoka miguuni. Ikisogea karibu zaidi, hatua zitasikika kama ziko ndani ya sikio la mtazamaji. Kwenye mashine, ubora wa kurekodi uweke kilohezi 48, biti 24. Kabla hujazima, kaa kimya urekodi nusu dakika ya chumba kitupu, utaihitaji kuziba mapengo.

Ndala zile bado ninazo, kwenye ndoo ya vifaa. Ukipata zako, usizioshe: mchanga ulionasa kwenye nyufa za soli ndio unaotoa ile sauti.