Prado, nati moja na siku mbili chini ya gari: kwa nyinyi mnaanza kazi ya egzosi

Nawaandikia nyinyi mmeingia gereji juzi, wenye bado mnatumwa Grogan, kule kwa maduka ya spea Nairobi, kununua gasketi na mnarudi na saizi si yake (najua kibao cha barabara kinasema Kirinyaga Road, lakini hakuna fundi huita hivyo). Kuna kazi zinaonekana ndogo mpaka ulale chini ya gari, na kubadilisha egzosi, yaani bomba za kutoa moshi, za 4x4 ya dizeli iko mbele kwa hiyo laini.

Hii ya kwangu ilikuja Jumanne asubuhi. Prado ya zamani, ile yenye injini ya 1KZ, dizeli ya tabo, tuliisikia ikiwa bado kwa raundabauti, inanguruma kama trekta ya shamba. Mwenye gari ni mzee mpole, akashuka akaniambia, "Fundi, ni kabomba tu kametoboka, utanimalizia kabla ya lanchi?" Mimi nikainama nikachungulia sekunde kumi, nikaona bomba ya mbele imeoza pale kwa kona, nikamwambia ndio mzee, leba ni elfu nne na mia tano, rudi saa saba. Ile gari ilitoka Jumatano saa kumi na moja jioni, na ile elfu nne na mia tano haikubadilika maana neno lilikuwa limeshatoka mdomoni.

Kwa hivyo kabla hata ya spana tuongee bei. Usiwahi taja bei ukiwa umesimama. Bomba haina shida, bomba unakata na grainda dakika tano iko chini, chenye unauza ni nati, zile za juu karibu na tabo (ile tabo-chaja inazungushwa na moshi) zenye zimechomwa na moshi miaka ishirini. Lala chini na tochi na waya brashi, sugua kila nati uione uso. Ikiwa bado ina kona sita, sawa. Ikiwa imekuwa mviringo kama karanga iliyochomwa, hiyo ni siku nyingine kabisa na bei nyingine. Halafu muulize mwenye gari inaendanga wapi. Sikuuliza, na ningeuliza angeniambia chenye aliniambia Jumatano jioni tukinywa chai, kwamba ana shughuli Magadi na huenda kila wiki mbili. Sasa mnajua ile matope ya magadi ikishika chuma inafanya nini. Gari ya Pwani nayo ni hivyo hivyo, na zile zimetoka Japani upande wa theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, zinafika hapa zikiwa zinang'aa juu lakini chini zimeshaanza kuliwa.

Na kuna kutu ya ndani pia, hiyo watu wengi hawafikirii. Dizeli ikichomeka inatoa maji, mvuke, na ule mvuke ukikutana na masizi na salfa yenye iko kwa mafuta unakuwa asidi kidogo kidogo. Gari ya safari ndefu bomba inapata moto inakauka. Gari ya kutoka Kilimani hadi tauni kwa jam haikauki, inalala na maji ndani kila usiku. Ndio unaona sailensa imetoboka kutoka ndani kuja nje, ukiigonga na nyundo unasikia mabati yanacheza kama njugu kwa mkebe.

Haya, nati. Kosa langu la kwanza ni haraka. Nilipuliza ile sprei ya kopo ya kulegeza kutu, nikangoja kama dakika kumi nikiwa naongea na simu, nikaingiza soketi namba 14 na ekstensheni ndefu, nikavuta. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka ikilia. Ya mwisho, ile ya ndani yenye huoni, unaisikia tu na kidole, ikaanza kuzunguka polepole, laini, nikafurahi. Vijana, nati ya egzosi ikizunguka laini bila kulia usifurahi. Hiyo si nati inafunguka, ni studi, ile bolti isiyo na kichwa yenye nati inakaa juu yake, inajinyonga kama pipi. Ukisikia hiyo ulaini simama, rudisha nyuma, weka mafuta, pumzika. Mimi sikusimama, ikafanya tak, sauti ndogo tu, na nati ikaniangukia kifuani ikiwa na kipande cha studi ndani yake.

Vile nafanya siku hizi ni hivi. Kama kazi ni ya kesho, mwambie mwenye gari aje leo jioni dakika tano, unaweka mafuta ikiwa imepoa, aende nayo, kesho asubuhi unaweka tena. Mafuta yenyewe mimi nachanganya ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) nusu na asetoni nusu, unatikisa kabla ya kuweka kwa sababu hayakai pamoja, yanaachana. Na hayo mchanganyiko yanashika moto haraka sana, kwa hivyo ukishayaweka sahau mambo ya tochi ya gesi mpaka yakauke kabisa na upanguse. Halafu kabla ya kufungua, kaza kwanza. Ndio, kaza, kidogo tu, mpaka usikie imetikisika, hapo kutu imevunjika, ndio sasa unarudi nyuma robo, mbele kidogo, nyuma robo, mafuta tena. Ni kazi ya kuchosha na mwenye gereji atakuangalia kama unachezacheza. Mwache aangalie.

Ikikataa kabisa ndio unaleta moto. Unachoma nati yenyewe, si studi, iwe nyekundu kidogo, inapanuka, halafu ukiguza na mshumaa ule wa kawaida wa stima ikipotea, nta inayeyuka inajivuta ndani ya thredi. Hii nilifunzwa na mzee mmoja wa Kariobangi Light Industries na nilimcheka, sasa nina mshumaa kwa tulbox kila siku. Lakini angalia kwanza nini iko hapo karibu: paipu ya breki, paipu ya dizeli, waya za sensa, raba za sehemu ya mbele. Weka kipande cha bati katikati na mtungi wa kuzima moto ukae mahali mkono unafika, si ule umefungiwa kwa ofisi.

Ya kwangu ilikuwa imeshakatika, na ilikatika ndani, hakukuwa na kipande cha kushika. Kijana wangu akaniletea ile dude ya kutolea studi, yenye unatoboa shimo katikati halafu unaipiga ndani unazungusha kinyume. Nikaikataa. Hiyo chuma ni ngumu lakini inavunjika upesi, ikikatikia ndani ya shimo hakuna drili ya kawaida inaipita, sasa una shida mbili mahali ulikuwa na moja. Chenye nilifanya ni kuweka nati kubwa kidogo juu ya kile kisiki, nikachomelea katikati ya nati mpaka ikashikana nacho, nikangoja ipoe hadi ule wekundu uishe, nikaweka spana. Mara ya kwanza weldi ikang'oka. Ya pili pia. Ya tatu, saa tatu asubuhi ya Jumatano, mama wa chai ndio alikuwa anafika na mandazi, ikatoka, inalia njia yote lakini ikatoka. Kinachosaidia hapo ni ule moto wa weldingi wenyewe, unaenda moja kwa moja ndani ya studi na kuvunja kutu.

Ukichomelea kwa gari toa terminali za betri kwanza. Na klampu ya ethi, ile ya kurudisha umeme kwa mashine ya weldi, weka karibu kabisa na mahali unachomelea, kwa chuma hiyo hiyo, usiiweke kwa bampa ya nyuma juu ya uvivu, kwa sababu umeme utatafuta njia yake na unaweza pitia kwa beringi za tabo ama kompyuta ya gari.

Sasa kosa la pili, na hili ni la aibu. Studi mpya nilipata, lakini nati zilikuwa zimeisha nikamtuma kijana hadiwea ya karibu alete nati za milimita 10. Akaleta, zinang'aa, bei ya soda. Ya kwanza ikaingia raundi moja na nusu ikakwama, nikadhani ni uchafu, nikaisukuma na spana. Zile nati za hadiwea thredi yake ni 1.5 na Toyota kwa saizi hiyo anatumia 1.25. Ukiangalia na macho zinafanana kabisa. Nikaharibu thredi ya studi mpya kabla hata ipate moshi. Kwa hivyo nati ya egzosi nunua kwa duka la spea, iingize na vidole mpaka mwisho, na kama vidole vimekataa, spana pia imekatazwa. Ukipata zile za kopa chukua, hazishikani na studi kama za chuma tupu.

Bomba yenyewe tulitengeneza hapa, na hapa nina maneno mawili matatu. Usikubali bomba ya maji, ile nyeupe ya zinki, hata kama ni rahisi na iko tu hapo nyuma ya gereji. Nilichomelea moja nikiwa kijana kama nyinyi, jioni nikaanza kutetemeka na homa nikadhani ni malaria, nikapimwa hakuna malaria, ni ule moshi mweupe wa zinki nilikuwa nimevuta mchana wote. Tena usipunguze upana. Injini yenye tabo inataka moshi utoke haraka, ukimwekea bomba nyembamba ili upate ya bei ya chini, moto unabaki juu kwa tabo na mwenye gari atakuja kukuambia gari haina nguvu mlimani.

Na usitengenezee bomba chini kwa sakafu ukitumia ya zamani kama kipimo, ya zamani imeshapinda. Funga flanji, zile sahani zenye matundu ya bolti kwa miisho ya bomba, za pande zote mbili kwa gari na gasketi zake, leta bomba katikati, shika na vidoti vidogo vya weldi huku ikiwa juu, ndio ushushe umalizie. Flanji haifai kuvutwa na bolti ili ikutane na mwenzake. Ikiwa inavutwa, itapasuka miezi mitatu mbele, na itapasuka pale pale kwa weldi yako.

Nafasi pia. Gari ya 4x4 ina propela ya mbele na ya nyuma, ina ile transfa (giaboksi ya kugawa nguvu mbele na nyuma), na akseli ya nyuma inapanda na kushuka, kwa hivyo bomba yenye iko sawa gari ikiwa kwa jeki inaweza kuwa inagonga gari ikikanyaga chini. Ishushe kwa magurudumu uangalie tena. Na kumbuka chuma inarefuka: bomba ya mita 3 ikipanda joto digrii 300 inaongezeka karibu sentimita moja. Hiyo sentimita lazima iende mahali, ndio maana kuna fleksi, kile kipande cha bomba kinachopinda, na kuna zile raba za kuning'iniza. Nimeona watu wakitoa raba wanafunga na waya ama wanachomelea moja kwa moja kwa chesi, halafu mwenye gari anashangaa kwa nini gari yote inatetemeka ikiwa imewashwa imesimama tu. Raba mpya ikikataa kuingia paka maji ya sabuni, si grisi.

Kupima ni rahisi. Washa ikiwa baridi, mtu mwingine aweke kitambaa nene kwa mkia wa bomba sekunde chache, wewe usikilize kwa kila jointi. Pahali panapiga ts-ts-ts, hapo. Baada ya siku kadhaa utaona pia alama nyeusi ya masizi, dizeli haifichi. Fanyia hii kazi nje ama milango ikiwa wazi.

Nimesahau miwani. Vaa miwani. Kutu ya egzosi inaanguka moja kwa moja kwa macho na inashika, mimi nilishawahi kutolewa kipande hospitalini na sindano na sitaki kuelezea. Na gari ikae kwa stendi, isikae kwa jeki peke yake wala kwa mawe, Prado ni zaidi ya tani moja na nusu na wewe una kifua kimoja.

Mzee alichukua gari Jumatano jioni, nikamwambia arudi baada ya siku chache nikaze tena kwa sababu gasketi mpya ikishapata moto mara kadhaa inalala kidogo. Alirudi Jumamosi, kumbe alikuwa ameshaenda Magadi na kurudi. Nati mbili zilikuwa zimelegea, kama robo hivi. Nikazikaza, ile ya ndani kwa kidole tu kwanza, nikaosha mikono. Akauliza ni pesa ngapi nikamwambia hakuna, lakini hapo chini kwa sailensa ya nyuma kuna kitu nimeona, na safari hii nikalala chini na waya brashi kabla ya kufungua mdomo.