Kwa mnaoanza kazi ya lenzi ndogondogo: pigeni hesabu ya mwanga kwanza

Wanafunzi wapya wanaoingia maabara yetu hapa Kampala huja na hamu ileile. Wameona picha ya jicho la nzi au ya gamba la kimulimuli chini ya hadubini, na wanataka kuchonga kitu kama hicho wiki hiyohiyo. Hamu hiyo naipenda, wala sitaki ipoe. Ninachowaomba kwanza ni karatasi na kalamu. Umbo dogo juu ya plastiki au kioo haliumbi mwanga, wala haliumbi taarifa ambayo haikuwapo. Linachukua kilichopo na kukigawa upya: ukipata hapa, umetoa pale. Asiyejua anatoa nini atapima vibaya, na akipima vibaya atajidanganya muda mrefu.

Chukua LED ya kawaida. Chipu ya nitridi ya galiamu ina kigezo cha mpindo wa mwanga (namba inayoonyesha kitu kinaupinda mwanga kiasi gani) cha karibu 2.4, na hewa ina 1. Mwanga unaozaliwa ndani ukigonga uso kwa pembe inayozidi digrii 24 hivi, wote unaakisiwa kurudi ndani. Miale inayoweza kutoka inabaki ndani ya koni nyembamba ya pembe hiyo, na ukipiga hesabu yake utaona kwamba kupitia uso mmoja tambarare kinachotoka ni kama asilimia 4 tu. Ukiifunika chipu kwa resini yenye kigezo cha 1.5, sehemu hiyo inapanda hadi kama asilimia 11. Hesabu hii fanyeni wenyewe kwa mkono, msiinakili kwangu, maana ndiyo inayoeleza kwa nini watu wazima na akili zao wanachunguza tumbo la mdudu.

Kimulimuli ana shida ileile: mwanga wake unazaliwa ndani ya mwili na lazima upenye ngozi ngumu. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa Ubelgiji, Ufaransa na Canada, wakiwamo Annick Bay na Jean Pol Vigneron, walionyesha kwamba magamba ya vimulimuli wa jenasi Photuris hayalali sawasawa. Ncha zake zimeinuka, kama vigae vya paa vilivyopangwa kwa mteremko. Kingo hizo zinavunja utambarare wa uso na kuupa mwanga njia ya kutokea. Walipoweka umbo la namna hiyo juu ya LED, mwanga uliotoka uliongezeka kwa hadi asilimia 55. Jambo la kushika hapo, kwa sisi tusio na mashine za mabilioni, ni kwamba kazi kubwa ilifanywa na maumbo ya mikromita kadhaa (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Ya nanomita, yaani madogo mara elfu zaidi, mchango wake ulikuwa mdogo. Mikromita tunaziweza.

Na msifikiri mifano yote iko mbali. Papilio nireus, yule kipepeo mweusi mwenye mkanda wa buluu-kijani, anaruka katika misitu yetu, Mabira ikiwamo. Mwaka 2005 Peter Vukusic na Ian Hooper wa Chuo Kikuu cha Exeter walieleza kwamba rangi iliyo ndani ya magamba yake hufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 420 na kuutoa upya ukiwa karibu nanomita 505. Juu kuna matundu ya hewa yanayouzuia usisambae pembeni, na chini kuna tabaka zinazourudisha juu. Wahandisi wa LED walikuwa wanahangaikia muundo huohuo.

Sasa kupima, ambako ndiko wengi wanakopotea. Nenda kwa fundi wa TV, mtaa wa Katwe hapa Kampala au popote ulipo, na umwombe karatasi za nyuma ya kioo kilichopasuka: "Fundi, usizitupe, nipe mimi." Ndani ya TV bapa kuna karatasi nyeupe ya kusambaza mwanga, na mara nyingi kuna nyingine inayong'aa yenye mistari myembamba usiyoweza kuihesabu kwa macho. Hiyo ya pili ni safu ya prizimu, kila moja ikiwa na upana wa makumi ya mikromita. Iweke upande wa prizimu juu, uinue kidogo kutoka kwenye gazeti: herufi zilizo chini kabisa ya jicho lako zinatoweka, na unaona picha mbili zimesogea kushoto na kulia. Mwanga uliokuja wima umeakisiwa kurudi chini. Ule uliokuja kwa mshazari ndio umepenya na kuelekezwa kwako.

Jenga kisanduku cha katoni, ukibandike karatasi nyeupe ndani, uweke LED chini, juu ufunike kwa karatasi ya kusambaza mwanga. Pima laksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) kwa simu ukiwa wima juu yake. Ongeza karatasi ya prizimu, pima tena. Namba inapanda, na mwanafunzi mgeni anafurahi kwamba ameongeza mwanga. Mwambie azungushe simu hatua kwa hatua, kila digrii 10, hadi pembeni kabisa. Huko pembeni namba imeshuka. Kisha abadilishe karatasi nyeupe ya ndani aweke nyeusi, arudie. Faida ya katikati inayeyuka, kwa sababu mwanga uliorudishwa chini sasa unamezwa badala ya kupewa nafasi nyingine ya kupanda. Jaribio hili halina gharama, na linafundisha kuliko mihadhara mingi: kipimo cha pembe moja si kipimo cha mwanga wote. Mtu akikuletea matokeo ya "taa iliyoboreshwa" yenye namba moja ya katikati, mwombe jedwali la pembe zote, tena kwa heshima, lakini mwombe.

Upande wa kutengeneza, kalibu ya kwanza isiwe ya kuagiza ng'ambo. CD tupu ya kurekodia ina mfereji mmoja unaozunguka, na nafasi kati ya mzunguko na mzunguko ni mikromita 1.6. Kwaruza upande wa lebo, ubandue tabaka la chuma kwa selotepu, osha rangi kwa spiriti, na una kalibu safi. Changanya silikoni ya sehemu mbili, ile ya uwiano wa 10 kwa 1, iache mapovu yatoke, uimimine. Vitabu vingi vitakwambia uioke kwenye oveni. Mimi nashauri muiache igande kwenye joto la chumba siku mbili. Umeme ukikatika usiku hautakuharibia kitu, na kuna sababu nzito zaidi: silikoni iliyookwa husinyaa kwa asilimia 1 au 2 ikipoa, iliyoganda taratibu karibu haisinyai. Funika sahani muda wote. Vumbi letu jekundu ni kubwa kuliko maumbo mnayonakili.

Asilimia 1 inaonekana ndogo mpaka uipime. Elekeza leza nyekundu ya nanomita 650 kwenye CD yenyewe, ukuta ukiwa mita 1 mbele: mfereji unaugawa mwanga katika madoa, na doa la pembeni linaangukia kama sentimita 44 kutoka doa la kati. Weka nakala iliyosinyaa kwa asilimia 1, na doa linasogea takriban nusu sentimita. Rula ya shule inatosha. Lakini linganisheni nakala na kalibu yake kwa leza ileile, kwa kuwa leza za dukani hazina urefu wa wimbi unaoaminika. Msiivute silikoni mnapoishika, na msimwelekezee mtu leza machoni, hata kwa mzaha.

Kwenye kamera za pande tatu, zile zinazonasa pia kina kupitia safu ya lenzi ndogondogo, asilimia hiyo inakuwa janga. Safu ya lenzi 100 iliyosinyaa kwa asilimia 1 imekosea lenzi nzima moja inapofika mwisho, na pikseli zilizo chini yake zinasoma lenzi ya jirani.

Na hapa hesabu ya kugawa inarudi kwa nguvu. Gabriel Lippmann alipendekeza mwaka 1908 kunasa picha kupitia safu ya lenzi ndogondogo, kila moja ikiona kwa pembe yake. Mwaka 2005 Ren Ng na wenzake wa Stanford waliweka lenzi 296 kwa 296, kila moja ya mikromita 125, mbele ya sensa yenye pikseli kama milioni 16. Picha iliyotoka ilikuwa na nukta zisizofika 90,000. Pikseli nyingine hazikupotea. Zilinunua pembe, na pembe ndizo zilizowawezesha kubadilisha fokasi baada ya kupiga picha. Nyuki naye analipa. Lenzi yake ina upana wa kama mikromita 25, na kwa udogo huo mwanga wenyewe unajitawanya kwa zaidi ya digrii 1, mara mbili ya upana wa mwezi mpevu unavyoonekana angani. Anachopata ni kuona pande nyingi kwa jicho lililo jembamba sana.

Kwa hiyo mkiniletea mpango wa kamera ndogo, nitauliza kwanza umbali. Chukua lenzi mbili zinazopima kina kwa kulinganisha picha zao, zilizoachana milimita 2, umbali wa fokasi milimita 2, pikseli za mikromita 2. Kosa la pikseli moja kwenye umbali wa sentimita 2 ni milimita 0.2 ya kina. Kwenye sentimita 20 ni milimita 20, kwa sababu kosa hukua kwa kipeo cha pili cha umbali. Kamera hiyo haitamtambua mtu aliye mlangoni, na hakuna programu itakayoiokoa. Ila mbegu za kahawa zinazopita sentimita 2 chini yake itazipima umbo vizuri, na kahawa tunayo. Andikeni umbali, kina mnachotaka kukitofautisha, na idadi ya nukta mlizo tayari kuzitoa, yote kwenye ukurasa mmoja, kabla hamjafungua programu ya kuchorea.